Kuzunguka Kisiwa cha Hawaii: Safari ya Siku Saba kwa Ramani

Mwezi huu tunawachukua mbali. Nauli hakuna, na kibali cha kutoka kambini hakuna atakayekuuliza, kwa sababu tunasafiri kwa ramani, kalamu na uzi wa kupimia barabara. Mwenye macho hafifu asomewe na mjukuu wake.

Hawaii tumeichagua kwa sababu ya swali la watoto. Wengi wao wamezaliwa hapa hapa kambini na mlima wa moto hawajauona. Jioni wanawasikia wakubwa waliotoka Goma na Rutshuru wakihadithia Nyiragongo, halafu wanauliza: eti mlima wa namna hiyo ni wetu peke yetu, au na wengine wanao? Wengine wanao. Tena wapo watu wanaokwenda kuuzunguka na gari la kukodi, kamera shingoni, kwa raha zao. Tukasema basi, na sisi tuipange safari hiyo sawasawa, kama watu watakaoondoka kesho.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Hawaii ni jimbo la Marekani lenye visiwa vingi katika bahari ya Pasifiki. Hawaii pia ni jina la kisiwa kimoja katika hivyo, kile kikubwa kuliko vyote, na wenyeji hukiita Kisiwa Kikubwa ili watu wasichanganye. Sisi tunakwenda hicho kimoja. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 10,430. Visiwa vingine vyote vya jimbo hilo ukivikusanya havikifikii. Ziwa Kivu lingeingia humo karibu mara nne, na Unguja mara sita. Watu wake ni kama 200,000 tu. Kutoka California ndege inaruka saa tano hadi sita juu ya maji matupu, kwa hiyo hata ndugu zetu waliopata makazi Marekani, wengi wao hawajakanyaga huko. Na ukitaka kujua ni mbali kiasi gani, angalia saa: Goma ikiwa saa sita mchana, kule ni saa sita ya usiku wa kuamkia siku hiyo hiyo. Sisi tukila, wao wamelala.

Kisiwa chote kimejengwa na milima mitano ya moto iliyoegemeana: Kohala, Mauna Kea, Hualalai, Mauna Loa na Kilauea. Kohala ni mzee, amezimika. Kilauea ndiye kijana mtukutu. Wataalamu wanaeleza hivi: chini kabisa kuna mahali pa moto pasipohama, na juu yake ganda la dunia linasogea polepole kuelekea kaskazini-magharibi, kama mkeka unaovutwa juu ya mshumaa. Mkeka unaungua mahali pamoja, unasogea, unaungua pengine. Ndiyo maana visiwa vya upande ule ni vizee na hiki ndicho kichanga. Hata mdogo wake amekwisha kuanza kukua: upande wa kusini-mashariki kuna mlima chini ya bahari, unaitwa Kama'ehuakanaloa, kilele chake bado kimefunikwa na maji ya karibu mita 1,000. Nyiragongo wetu si wa ukoo huo. Wetu umetokea kwa sababu ardhi inapasuka, ni ule ufa uliotupatia Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika.

Sasa njia. Barabara ya lami inakizunguka kisiwa chote, zaidi ya kilomita 350, na nyingine inakata katikati ya milima miwili mikubwa. Mtu anaweza kuzunguka kwa siku moja, na wapo wanaojisifu kwa hilo. Sisi tunaona huko ni kukimbia tu. Tumejipa siku saba, tunaanzia mji wa Hilo mashariki, tunashuka kusini, kama mshale wa saa. Basi la umma lipo, linaitwa Hele-On, ila ratiba yake ni ya wenyeji wanaokwenda kazini na sokoni. Kwa hiyo tumeandika gari la kukodi, kwa vile kwenye karatasi gari ni rahisi.

Mizigo: koti la mvua, kofia ya jua na sweta nzito, vyote vitatu kwa mtu mmoja. Msishangae. Pepo zinatoka kaskazini-mashariki zimebeba maji ya bahari, zinagonga milima, zinamwaga mvua Hilo zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Zikivuka ng'ambo hazina kitu tena. Pwani ya magharibi kuna sehemu hazipati hata milimita 250. Na juu ya Mauna Kea, mita 4,207, theluji inaanguka miezi ya baridi.

Siku ya kwanza, Hilo. Tunapumzika na kuangalia maporomoko ya maji yaliyo hapo hapo mjini. Ukitembea ufukweni utaona uwanja mpana wa majani, miti na hewa nzuri, ukafikiri waliupanga hivyo tangu zamani. Palikuwa na nyumba na maduka. Mawimbi ya tsunami ya Aprili 1946 yaliyafagia, watu wakajenga tena, yakaja mengine Mei 1960 yakaua watu 61 mjini humo. Baada ya hapo wakasema basi, sehemu hiyo iachwe wazi.

Siku ya pili ndiyo iliyoleta ugomvi katika kikundi chetu, na tunawaletea ugomvi wenyewe bila kuufunika.

Kusini mwa Hilo kuna wilaya ya Puna. Kilauea ulianza kutiririka Januari 1983 na haukupumzika sawasawa mpaka 2018. Mwaka 1990 ulikifunika kijiji cha Kalapana. Kisha Mei 2018 ardhi ilipasuka katikati ya makazi ya watu, mtaa unaoitwa Leilani Estates, lava ikatoka kwenye nyufa za barabara na za bustani. Ilipokoma miezi michache baadaye, nyumba zaidi ya 700 zilikuwa zimeteketea na ghuba nzima ya Kapoho, walikokuwa wakiogelea, imejaa mawe mpaka juu. Watu walijua kuwa ni mahali pa hatari. Walijenga kwa sababu viwanja vya Puna ni vya bei ya chini, na mwenye pesa kidogo anajenga anapoweza.

Kijana mmoja akaandika kwenye mpango: "Siku ya pili, kuangalia nyumba zilizofunikwa." Mzee mmoja wetu, aliyevuka kwenda Gisenyi Januari 2002 na godoro kichwani, akakataa kabisa. Akasema, "Nyumba ya mwenzako imeungua, unakwenda kuisimamia na kuipiga picha? Hiyo ni sinema?" Mama mmoja, naye wa Goma hiyo hiyo, akamjibu, "Baba, sisi walipokuja kutuangalia tulifurahi. Asiyekuja ndiye aliyetusahau." Wakabishana mpaka taa ikaisha mafuta.

Tukatafuta habari zaidi. Kumbe wenyeji wa Leilani nao walibishana hivyo hivyo. Mwaka 2018 polisi waliwashitaki watu walioingia maeneo yaliyofungwa kwenda kutazama moto. Tukakubaliana hivi: kwenye mitaa ya watu hatuingii. Tunakwenda Pohoiki, ambako lava ya 2018 iliposagwa na bahari imetengeneza ufuo mpya wa mchanga mweusi. Watoto wa shule ya msingi wana umri mkubwa kuliko baadhi ya mawe utakayoyakanyaga pale. Halafu tunakwenda kuona miti ya mawe: lava ya zamani ilizunguka mashina, shina likaungua, ganda la jiwe likabaki limesimama likiwa tupu ndani. Na chakula cha siku hiyo tunakinunua kwa akina mama wa Puna wenyewe. Mzee amekubali, ila amesema yeye atabaki kwenye gari.

Hapa watoto wauliza jambo moja, nasi tulijibu kwa kirefu. Mbona Puna nyumba 700 ziliungua na hakuna hata mmoja aliyeuawa na lava, na Goma mwaka 2002 walikufa watu zaidi ya 100, na Mei 2021 zaidi ya 30? Sababu ya kwanza ni lava yenyewe. Ile ya Nyiragongo ni nyepesi kama uji wa mgonjwa, na mlima ni mwinuko. Mwaka 1977 ziwa la moto lilimwagika lote kwa muda usiozidi saa moja, sehemu za juu likakimbia kama gari. Ya Kilauea mara nyingi mtu anaweza kuikwepa kwa miguu. Sababu ya pili ni macho. Kilauea una kituo cha wataalamu wanaoupima tangu 1912, na Goma kituo chake kilianza miaka ya 1980 na kimekuwa na shida ya pesa. Mwaka 2021 moto ulishuka usiku bila onyo la mapema. Sababu ya tatu kila aliyekuwepo anaijua: mji mkubwa, watu wamebanana, barabara chache, na wengine walikuwa wamekimbilia hapo kutoka vitani.

Siku ya tatu tunaingia hifadhi ya taifa ya volkano, karibu kilomita 50 kutoka Hilo. Ilianzishwa 1916. Kiingilio ni dola 30 kwa gari zima, nacho kinakubalika siku saba, kwa hiyo jazeni gari. Hapo ndipo penye shimo kubwa la Kilauea. Mwaka 2018 sakafu yake iliporomoka, shimo likazama zaidi. Desemba 2024 mlima ulianza tena kurusha moto juu kwa vipindi, unarusha, unanyamaza siku kadhaa, unarusha tena, na mwaka 2025 ukaendelea hivyo hivyo. Anayepanga safari asiahidi watoto moto, aahidi shimo. Tutatembea ndani ya Nahuku, pango refu kama mtaro ambamo lava ilipita zamani, na tutashuka na barabara mpaka baharini, mahali ambapo lami inaishia ghafla chini ya mawe meusi.

Wenyeji wa asili wanasema shimo hilo ni nyumbani kwa Pele, mungu wao wa kike wa moto. Kuokota jiwe kwenda nalo ni marufuku, na watu waliochukua wamekuwa wakiyarudisha kwa posta kutoka nchi za mbali, wakisema yamewaletea mikosi. Tunawaambia vijana: msichukue jiwe, hata kama hamumwogopi Pele. Ni la wenyewe.

Na hapa tuna jambo la kujivunia kidogo. Wataalamu wa volkano dunia nzima, Wajapani, Waitaliano, wote, wanaita lava laini iliyojikunja kama kamba pahoehoe, na ile ya mawe makali yanayokata viatu wanaiita aa. Ni maneno ya Kihawaii. Watu hao hao wakikuta mahali penye bonde dogo ambapo hewa mbaya imejikusanya na kuua mbuzi au mtoto bila kelele, wanapaita mazuku. Neno hilo limetoka kwetu, kwa Waswahili wa Goma na kandokando ya Ziwa Kivu. Bibi zetu walikuwa wakisema usimpeleke mtoto bondeni alfajiri, pana mazuku. Wenye vipimo wakaja baadaye wakakuta ni hewa ya kaboni, nzito kuliko hewa ya kawaida, ndiyo maana inalala chini.

Siku ya nne ni wilaya ya Kau, kusini, pakavu na watu wachache. Tunasimama Punaluu kuona kasa wakiota jua juu ya mchanga mweusi. Ni marufuku kuwagusa. Tunafika Ka Lae, ncha ya kusini kuliko zote katika majimbo 50 ya Marekani. Upepo wake umeinamisha miti upande mmoja.

Siku ya tano msiiharakishe. Asubuhi tunapita mashamba ya kahawa ya Kona. Wale waliolima kahawa Kivu watajisikia nyumbani: mteremko, ukungu wa mchana, tunda linachumwa kwa mkono moja moja. Mche wa kwanza ulipandwa huko Kona mwaka 1828. Chini kwenye ghuba ya Kealakekua ndipo alipouawa nahodha Mwingereza James Cook, Februari 1779. Mnara wake tutauona kwa mbali.

Kisha tunashuka Honaunau. Mahali hapo panaitwa Pu'uhonua o Honaunau, na maana ya pu'uhonua ni mahali pa kukimbilia. Ndiyo, ndugu zetu, kambi. Ila sikilizeni ilivyokuwa.

Zamani visiwa hivyo viliongozwa kwa miiko iliyoitwa kapu. Kivuli chako kisimwangukie chifu mkuu. Mwanamke asile pamoja na mwanamume, tena asile ndizi za aina nyingi wala nguruwe. Samaki fulani wasivuliwe majira yake. Aliyevunja aliuawa, kwa sababu waliamini miungu ikikasirika italeta lava, mawimbi au njaa kwa kila mtu. Njia ya kupona ilikuwa moja: kukimbia, na wengine kuogelea, mpaka ndani ya ukuta wa Honaunau kabla wanaokufukuza hawajakushika. Ukiingia, hakuna mkono unaoruhusiwa kukugusa, hata wa chifu. Kuhani anakufanyia ibada, kosa linafutwa, unarudi kijijini kwako na hakuna wa kukuuliza tena. Wakati wa vita waliingia humo pia wazee, wanawake, watoto, na askari walioshindwa. Vita ikiisha wanarudi kwao.

Ukuta huo upo mpaka leo. Urefu wake kama mita 300, kimo mita 3 na zaidi, upana karibu mita 5, mawe ya lava yamepangwa bila saruji. Watoto waliuchora. Miiko ilifutwa mwaka 1819, mfalme kijana Liholiho alipokaa hadharani kula pamoja na wanawake.

Mtoto mmoja wa darasa la tano akauliza, "Walikaa mle muda gani?" Tukamjibu: ilitegemea, wengine saa chache, wengine siku chache, mpaka ibada iishe. Watu wakanyamaza wakihesabu. Humo ndani ya kikundi wapo waliofika hapa mwaka 1996. Mwisho yule mama wa Goma akacheka, akasema, "Sasa kuhani wetu sisi amepotelea wapi?"

Siku nzima ya tano mchana ibaki Honaunau. Hilo walikubaliana wote, na mzee pia. Pale atashuka kwenye gari.

Siku ya sita tunapanda kaskazini. Uwanja wa ndege wa Kona umejengwa juu ya lava ya Hualalai ya mwaka 1801. Wao waliweka uwanja juu ya lava, kwetu 2002 lava ilijiweka juu ya uwanja. Kati ya Desemba na Aprili mnaweza kuwaona nyangumi mkiwa barabarani. Kohala ndiko alikozaliwa Kamehameha, aliyeviunganisha visiwa vyote chini yake mwaka 1810. Ufalme huo ulipinduliwa 1893, na 1898 Marekani ikavichukua. Lugha yao iliondolewa mashuleni 1896 na ilikaribia kufa, ila tangu miaka ya 1980 wazazi walianzisha shule za watoto wadogo za Kihawaii, na sasa inasikika tena midomoni mwa watoto.

Siku ya saba tunapita barabara ya katikati. Mwishoni mwa 2022 Mauna Loa ulilipuka, mara ya kwanza tangu 1984, na lava ikasimama chini ya kilomita tatu kabla ya kuifikia barabara hii. Mauna Kea tutaishia kituo cha wageni, kama mita 2,800, maana kileleni hewa ni nyembamba, wajawazito na watoto wadogo hawashauriwi kupanda. Bonde la Waipio tumelifuta: tangu 2022 wageni hawaruhusiwi kushuka barabara yake, ni mwinuko mkali na mawe yanaanguka. Tunamalizia na maporomoko ya Akaka, mita 135, halafu Hilo, chakula cha magimbi na samaki, tunalala.

Ramani yenye njia yote tumeibandika maktaba, uzi uko kwenye msumari. Watoto watakaopima umbali wa Hilo mpaka Honaunau kwa kupitia kusini walete jibu kabla ya tarehe 20. Na mwenye kupinga uamuzi wetu wa Puna aandike, tutamchapa.